Huyo "He" Ni Nani?

Bunda, Jumapili mchana

Bhoke mwanangu,

Hali yako siulizi. Asubuhi nimekuona ukimaliza viazi vinne na vikombe viwili vya chai, na mtu wa namna hiyo hali yake inajulikana. Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na wanaume wanaotoa lifti nayo nayaacha, kwa sababu mama yako Ghati anakuambia tangu Alhamisi, na jana nilimsikia akianza tena mwanzo. Sasa hivi yuko barazani anapiga pasi sketi zako. Wewe uko Butiama kuaga kwa wajomba, na basi la kukurudisha, kwa ninavyolijua, litanipa muda wa kutosha kumaliza barua hii. Kesho saa kumi na mbili asubuhi unaondoka.

Naandika kwa sababu ya fomu.

Fomu ya chuo iko hapa mezani, chini ya chupa ya chai. Umeijaza vizuri. Jina, dini, wilaya, shule uliyosoma Musoma, somo unalokwenda kujifunza kufundisha: Kiingereza. Mstari mmoja tu umeuruka, ule ulioandikwa "Name of father". Wiki mbili sasa nikipita pale nachungulia, kama mtu anayefunua sufuria kuona kama pameiva. Pako peupe vilevile. Na karani wao ameonya kwamba fomu yenye nafasi tupu haipokelewi. Kwa hiyo kabla ya kesho lazima jina la mtu likae pale, na wewe umeshindwa kuandika la nani. Siyo kwamba huna baba. Unaye, tatizo ni kwamba baba yako ni mwanamke, na mara ya mwisho ulipoliandika jambo hilo kwa Kiingereza, mimi ndiye niliyekuharibia.

Hilo sijawahi kulisema. Acha nilianzie mbali kidogo, utanivumilia.

Mume wangu alipofariki kule Mugeta aliniacha na shamba, ng'ombe na shemeji watatu. Mtoto hatukupata. Shemeji walikuwa wepesi kuliko ng'ombe. Matanga hayajaisha walikuwa wameshapima shamba kwa hatua. Huku kwetu ipo njia ya mwanamke wa namna yangu, nawe umeijua tangu unanyonya: nyumba ntobhu. Unatoa mahari, unaoa mwanamke mwenzako, na watoto atakaowazaa wanakuwa wa nyumba yako, kwa jina lako, na shamba linapata mwenyewe. Nikatoa ng'ombe kumi na wawili, nikamleta mama yako kutoka upande wa Butiama. Yeye hakuulizwa sana, na mimi sikuuliza. Hilo nalo ni kosa, nililikiri kwake miaka mingi baadaye tukiwa tunapalilia. Akanijibu, "Ungeniuliza ningekataa, halafu ningeolewa na yule mlevi wa jirani yetu. Hebu shika jembe."

Nyumba nyingi za aina hii watoto humwita mwenye nyumba bibi. Mimi nilikataa. Nilitoa ng'ombe, nilijenga, nilisimama mbele ya baraza la kata na shemeji zangu watatu wakirusha mate. Nikasema huyu mtoto ataniita baba. Ukazaliwa wewe, msichana, na watu wakapata la kucheka mara ya pili: ng'ombe wote wale! Lakini ulipoanza kusema ulisema "ba", ukaninyooshea mkono mimi, na tangu hapo soko zima la Bunda linaniita Baba Bhoke. Unakumbuka wale wauza vitunguu.

"Baba Bhoke, ndevu zitaota lini?"

"Zilishaota. Nimempa beberu anitunzie."

Nilikuwa na majibu ya kila mtu kwa Kiswahili. Ubaya ulianza nilipopata Kiingereza.

Kusoma nilifundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, jioni, chini ya taa ya kandili, na mwalimu tuliyemzidi umri wote. Hicho kilikuwa Kiswahili. Kiingereza nilikipata kwenye karanga. Ile miaka ya shida hapakuwa na sukari wala sabuni, wewe ulikuwa mdogo, na karatasi ya kufungia karanga nayo ilikuwa bidhaa adimu. Nikawa nanunua vitabu vikuukuu vya shule kwa kilo, vile vilivyoliwa na mchwa nusu. Nachana ukurasa, naviringa, naweka kijiko cha karanga. Ila mimi siwezi kufunga kitu kwenye maandishi sijayasoma. Naona kama nafunga mtu mdomo. Basi nikawa nasoma kwanza, nauliza kwanza, ndipo nafunga. Madereva, makarani wa pamba, walimu wanaopita, kila aliyenunua karanga kwangu alilipa na neno moja juu yake.

Tatizo la elimu hiyo lilikuwa mpangilio. Kitabu cha sarufi kilikuwa kinaanzia ukurasa wa themanini na kitu, kwa hiyo nilijua wakati uliopita wa mbali sana kabla sijajua wakati uliopo. Siku moja likaja gari la mzungu wa mradi wa maji. Nikamwendea dirishani na kikapu changu kimejaa, nikamwambia kwa sauti safi, "I had sold groundnuts." Akatikisa kichwa kwa huruma, akaondoka zake. Nilikuwa nimemwambia zilishauzwa.

Aliyecheka kuliko wote ni Fundi Saidi, yule mshonaji ambaye baraza lake ndilo nililokaa miaka yote. Sasa ni mtu mzima, lakini wakati ule alikuwa kijana wa Ujiji mwenye ulimi wa kunoa mikasi.

"Bi Nyangi," ananiambia, "hebu sema gari la mizigo kwa Kiingereza."

"Rori."

"Sema L, bibi wee. Lo-ri."

"Ro-ri. Si ndivyo nilivyosema?"

Huku kwetu R na L ni mapacha, mama yao tu ndiye anayewatofautisha. Lakini Saidi naye nilimkamata. Alikuwaga na tabia ya kusimama kwenye foleni ya duka la ushirika kwa maringo, anasema foleni ni neno la Kiswahili cha pwani na sisi wa bara tumeazimwa. Mzee mmoja aliyewahi kuwa askari wa Mwingereza vitani akamgeukia, akapiga buti chini, akabweka, "Fall in!" Tukaruka wote. Akasema ndiyo hiyo foleni yenu. Afande alikuwa anapiga kelele hivyo asubuhi askari wajipange mstari, na sisi tukasikia foleni. Bhoke, nilicheka mpaka nikapoteza nafasi yangu. Nchi nzima ilikuwa inajipanga kwa amri ya Kiingereza iliyotolewa zamani na mtu aliyekwishakwenda kwao, na sukari yenyewe haipo.

Tangu siku hiyo nikawa mgonjwa wa maneno. Meza tulipewa na Wareno, shule na hela Wajerumani, kabati ni la Mwingereza aliyeambiwa alitamke polepole. Nilitembea na maneno kichwani kama mtu aliyegundua kwamba jirani zake wote walitoka kwingine. Na nikapata kiburi. Nataka ulielewe hili vizuri, maana nawe una kipaji hichohicho na unakwenda kupewa cheti chake. Mtu aliyejifunza kitu kwa shida, kipande kwa kipande, hukipenda kuliko aliyezaliwa nacho. Anakilinda. Mimi niliilinda sarufi ya Kiingereza kana kwamba nilikuwa nimeitolea ng'ombe.

Sasa tufike kwenye kosa.

Ulikuwa kidato cha pili, unakaa Nyakato, pale Musoma, kwa mama yako mdogo. Ulikuja likizo ya Juni, hukuweka hata begi chini, ukanifuata barazani kwa Saidi na daftari limekunjwa ukurasa. Mwalimu alikuwa amewapa insha, "My Father". Naikumbuka mistari yako yote. "My father sells groundnuts in Bunda. She wakes up before the cock. She has four goats, two cows and one wife. She is not tall but people fear her."

Kila "she" ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu. Nilihesabu kumi na moja. Pembeni mwalimu ameandika "Gender!", na chini "See me". Ukaniambia alikusimamisha uisome mbele ya darasa, na darasa likaanguka chini kwa kicheko, na mvulana mmoja akauliza kama baba yako ananyonyesha.

Hukuwa unalia. Ulikuwa umesimama pale, macho makavu, unanisubiri mimi. Ulijua kwamba nikifungua mdomo, hakuna muuza vitunguu aliyewahi kunishinda. Ulikuja na kesi yako kwa wakili wako.

Wakili wako akavaa miwani ya Saidi, akasoma, akasema, "Mwalimu yuko sawa."

Ukasema, "Baba, yuko sawa vipi?"

"Father inachukua he. Mother inachukua she. Hapa umechanganya."

"Lakini wewe ni she."

"Mimi ndiyo. Father siyo. Tunazungumzia neno."

Saidi aliacha kukanyaga cherehani. Akasema, "Bi Nyangi, taratibu." Nikamwambia ashone. Nikachukua kalamu, nikakukalisha kwenye kigoda, nikakuamuru uiandike insha upya, na kila mahali uweke "he". Ukaandika. My father sells groundnuts. He wakes up before the cock. Ulipofika "he has one wife" ukanyanyua kichwa, ukaniuliza kwa sauti ndogo kabisa:

"Sasa huyo he ni nani?"

Nikakujibu, "Ni sarufi tu, andika."

Bhoke, nimewahi kudanganywa, nimewahi kuibiwa, na shemeji zangu waliwahi kunifungulia mbuzi. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo baya kama nililokufanyia siku ile kwa kalamu ya bluu. Nilimchukua baba yako, nikamfuta, nikaweka pale mwanaume asiyekuwepo, na nikakufanya wewe uandike kwa mkono wako. Na nilijisikia vizuri! Nilijisikia msomi. Jioni yake nilimsimulia mama yako jinsi nilivyokusahihisha.

Mama yako, ambaye Kiingereza chake ni "good morning" na "no change", aliacha kupepeta mchele, akasema, "Umemfukuza mtoto."

Sikumwelewa. Nilielewa Septemba, siku ya wazazi. Nilipanda basi mpaka Musoma, nimevaa kitenge kipya, kwa ajili yako. Mwalimu alikuwa kijana mpole mwenye tai, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafundisha kama alivyofundishwa. Wewe ulikuwa umesimama pembeni ya meza yake. Akaniuliza kwa Kiingereza, kwa heshima, mimi ni nani wa mtoto.

Nilikuwa na maneno mengi kichwani siku ile. Nilikuwa na "although", nilikuwa na "nevertheless". Nikatafuta sentensi ambayo haingekuwa na kosa. "I am her father" ilinifika mpaka kwenye meno. Nikaona atacheka. Nikaona zaidi kwamba atasema nimekosea, mimi, mtu wa ukurasa wa themanini. Basi nikachagua ile iliyo salama.

"I am her grandmother."

Sentensi haikuwa na kosa hata moja. Akaandika kwenye kitabu chake, tukaendelea na alama zako za hesabu. Wewe uliangalia nje ya dirisha, kule ziwani, na hukugeuka mpaka nilipoondoka.

Tangu siku hiyo hujaniita. Miaka minne. Si baba, si bibi, si wewe. Umenitunza vizuri, siwezi kusema uongo. Nilipougua malaria ulikesha. Lakini unazungumza nami kwa ile namna ambayo wenye sarufi wanaijua: "Chai imewekwa mezani." "Mbuzi wamefungwa." "Mlango umefungwa tayari." Kila kitu kimetendwa, hakuna aliyetenda, hakuna aliyetendewa. Mimi ninayeipenda sarufi nimekaa ndani ya nyumba yangu mwenyewe nikiadhibiwa kwa sarufi, na nakiri kwamba adhabu imeandikwa kwa mwandiko safi.

Nilianza kupata akili zama hizi za ruksa, mitumba ilipoingia. Unajua yale mafurushi yanayomwagwa chini sokoni siku ya mnada, viatu vya mguu mmoja na makoti ya baridi ya nchi gani sijui. Kwenye furushi moja kukawa na vitabu. Muuza viatu alikuwa anachana kamusi nene ya Kiingereza kujazia viatu visikunjamane. Nikamnyang'anya kwa bei ya ndala. Ilikuwa imefika herufi ya G kwa kuchanwa. Kuanzia H ilikuwa nzima, na kila neno limeelezwa baba yake na babu yake.

Kabla sijasema nilichokuta, nikukumbushe kile kibao cha ofisi ya mifugo, kimeandikwa "Animal Husbandry". Mimi na Saidi tuliwahi kukisoma tukiwa tumepeleka mbuzi kuchanjwa.

"Husband ni mume," Saidi akasema. "Kwa hiyo hapa ni pa waume wa wanyama."

"Labda ni ofisi ya ndoa zao."

"Basi ingia, Baba Bhoke. Wewe ndiye uliyeolea ng'ombe."

Tulicheka, tukaenda zetu, na hatukujiuliza kwa nini neno la ndoa liko zizini. Kamusi ikaniambia. Hilo neno "husband" Waingereza hawakuzaliwa nalo. Waliletewa na watu wa kaskazini waliovuka bahari kwa merikebu, na kwa hao watu lilikuwa maneno mawili yaliyoshikana: nyumba, na mtu anayeikaa na kulima ardhi yake. Mwenye nyumba. Mwenye shamba na mifugo. Mambo ya kuoa yalikuja kupanda juu baadaye, na ndiyo maana bwana mifugo bado analo kwenye kibao chake. Nikageuza mpaka W. "Wife" zamani lilikuwa ni mwanamke tu, yeyote, awe ameolewa au hapana. Na "midwife" ni mtu aliye pamoja na mwanamke. Nikamkumbuka yule mkunga mwanaume wa kituo cha afya, mwenye mashavu. Kwa Kiingereza yeye ni midwife, na anaitwa he, na hakuna mwalimu anayemzungushia wino.

Nilikaa chini pale mnadani, kwenye vumbi, na kamusi mapajani. Mwenye nyumba anayelima ardhi yake na kufuga. Nyumba ntobhu. Watu wale wa merikebu wangefika Mugeta wangenielewa kabla sijamaliza sentensi. Mimi ndiye sikujielewa, kwa sababu nilikuwa nimejifunza neno linavyotumika ukurasa wa themanini na sikuwa nimeuliza limetoka wapi.

Ningeweza kukuambia siku ileile. Ulikuwa umekuja likizo, uko jikoni. Nilifika mlangoni na kamusi kwapani. Ukasema, "Ugali umeiva." Nikala ugali. Unaona nilivyo. Soko zima naliweza, mtoto mmoja jikoni nikamwogopa. Wiki ya pili nilijaribu tena, nikaishia kukuuliza kama viatu vyako vinabana.

Unakwenda kuwa mwalimu wa Kiingereza, na utakuwa mzuri kuliko wote niliowauzia karanga. Sitakufundisha kazi yako. Ila siku moja mtoto wa Nyamuswa au wa wapi atakuletea insha yenye jambo ambalo haliwezi kuwa kweli kwa Kiingereza, na mkono wako utakuwa tayari na kalamu. Muulize kwanza nyumbani kwao wanaishije. Baada ya hapo ukiona bado ni kosa, mzungushie. Yapo makosa kweli, mimi mwenyewe bado nasema rori.

Nimeacha kidogo kuandika kwa sababu mama yako ameingia kuchukua makaa.

"Bado tu? Unaandika Biblia?"

"Namwandikia Bhoke."

"Yuko Butiama, si Ulaya. Saa kumi na moja atakuwa hapa, mwambie kwa mdomo."

"Mdomo umeshindwa miaka minne."

Akaweka pasi chini. Akaangalia fomu, ambayo hawezi kuisoma, lakini ule mstari mtupu anaujua ulipo. Nadhani naye amekuwa akifunua sufuria. Akasema, "Si uandike tu jina lako hapo, yaishe? Wino unao."

"Huo ni mstari wake. Nilishamwandikia mara moja."

"Na wewe wako uko wapi?"

Bhoke, mimi mtu wa kusoma kila karatasi kabla ya kuifunga, nilikuwa sijaigeuza hiyo fomu. Mama yako ndiye aliyeigeuza, kwa vidole vyenye masizi, utaona alama. Nyuma, chini kabisa, pana mstari wa mzazi: "Signature of father/guardian. Delete whichever is not applicable." Yaani futa lisilohusika. Mwenye fomu ametoa maneno mawili na ruhusa ya kukata moja.

Guardian ni mlezi. Lingekuwa neno salama. Ni sahihi, haliulizwi swali, karani angelipitisha bila kunyanyua kichwa, kama yule kijana mwenye tai alivyopitisha bibi. Lugha yetu ina utani wake hapa: kwa Kiingereza jina unalotia chini ya barua na kitu kisicho na kosa ni maneno mawili tofauti, kwetu yote ni sahihi. Miaka yote nimekimbilia ile ya pili. Hii ya kwanza, ya kutia mkono wangu na kusimama nyuma yake, kwako sijawahi kuitia.

Mbele sijagusa. Ule mstari wa juu ni wako. Ukiandika jina langu, karani anaweza kukuuliza, na ni wewe utakayesimama pale peke yako, siyo mimi. Sitakudanganya kwamba hawatacheka. Ukiandika jina la yule bwana anayetusalimia mnadani, ambaye pua yako ni yake, sitakuwa na neno, na viazi vyako vya safari vitachemshwa vilevile. Ukiandika la marehemu mume wangu, shemeji watafurahi, lakini nalo nitalimeza. Chagua ukiwa umeshiba na umelala.

Lakini usichague ukidhani hujui mimi nimesimama wapi. Nyuma nimeshajaza. Nimekata guardian kwa rula ya Fundi Saidi, mstari mmoja ulionyooka, ili asije mtu akasema mkono wa mzee uliteleza. Father nimeliacha kama walivyolichapa. Mbele yake nimeandika Nyangi, herufi kubwa, na nimetia sahihi.

Baba yako